Kisima, Jicho na Ukoko: Historia ya Kutafuta Gesi katika Pwani ya Mrima

Kusini ya mji wa Bagamoyo, mwendo wa kilomita tano hivi, yapo magofu ya Kaole: misikiti miwili, makaburi yenye nguzo, na kisima. Misikiti imebomoka, na bandari ya kale imekwisha kuliwa na mikoko na matope, lakini kisima kingali na maji, na maji yenyewe ni matamu ijapokuwa bahari haiko mbali. Wenyeji husema hakikauki. Wageni waendao kuzuru hunawa nyuso pale kwa kutaraji baraka, na habari ya baraka ni ya kila mtu na imani yake. Linalohusu hapa ni jambo dogo zaidi, ambalo kila mtu aliyepata kufukua kisima alijua zamani kabla ya kuja wataalamu: kisima hakitoi maji kwa sababu ardhi ina maji, bali kwa sababu ardhi ina maji na njia ya kuyapitisha. Njia ikizibwa, kisima hufa huku maji yangalipo.

Kiswahili kimeliweka jambo hili katika maneno yake. Pale yanapobubujika maji huitwa jicho la maji. Kisima kikipungua, watu hawasemi kwamba ardhi imeishiwa. Hushuka wakafukua, yaani huondoa tope lililoketi chini na kulizibua jicho. Kisima kilikuwa na thamani hata kikatoa majina ya miji. Upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia yapo magofu ya Kisimani, na mbali sana kaskazini, katika pwani ya Somalia, ipo Kisimayu, ambayo wengi hulieleza jina lake kuwa ni kisima cha juu.

Katika karne ya 20 neno hilo hilo lilitwikwa mzigo mpya. Kisima kikawa pia tundu ambalo mdomo wake hauzidi sana upana wa sinia ya wali, lakini kina chake ni maelfu ya mita, na kuta zake zimevishwa mabomba ya chuma na saruji. Hakuna ndoo wala kamba ifikayo chini yake, na kinachotakiwa kitoke si maji. Maji yakitoka, wachimbaji husikitika. Kitenzi kimesumbua zaidi kuliko jina. Wengine husema kuchimba, ingawa kuchimba ni kazi ya jembe na sururu. Katika ofisi za madini limeenea neno kuchoronga. Kitenzi cha kupekecha, ambacho seremala hukijua kwa keekee yake na mzee wa shamba kwa kijiti chake cha kuwashia moto, kingefaa sana, kwa kuwa chombo chenyewe huzungushwa. Lakini lugha haingojei ruhusa ya wanazuoni, na uchorongaji ndio uliokwisha kupata makao.

Dalili za mafuta katika pwani hii zilionekana mapema. Huko Wingayongo, katika bonde la Rufiji, uko mchanga uliolowa lami, na huko Tundaua katika kisiwa cha Pemba mafuta hujipenyeza yenyewe hadi juu ya ardhi. Mwaka 1952 makampuni ya BP na Shell yalipewa haki ya kutafuta mafuta katika pwani ya Tanganyika na visiwa vyake. Walipima ardhi, wakatoboa matundu mafupi zaidi ya 100 kwa ajili ya kuzijua tabaka za miamba, kisha wakachimba visima virefu, kimoja kwa kila kisiwa: Mafia mwaka 1954, Unguja miaka miwili mitatu baadaye, na Pemba mwaka 1962. Kila kimoja kilipita mita 3,000. Hawakupata mafuta ya kuuzwa, na mwaka 1964 wakarudisha haki yao na kuondoka.

Yapasa kukumbuka kwamba waliokwenda Mafia na Pemba walitafuta mafuta, wala si gesi. Gesi siku zile haikuwa na mnunuzi katika Afrika Mashariki. Hapakuwa na bomba, wala kiwanda cha umeme kilichoihitaji. Mchimbaji aliyekuta harufu ya gesi aliona hatari kuliko mali. Kwa hiyo neno "hakuna kitu" katika taarifa za miaka ile lazima lisomwe kwa uangalifu: maana yake ni kwamba hakuna kilichotoka cha kuuzwa, kwa vyombo vya siku zile na kwa bei za siku zile. Mwanahistoria anayetumia taarifa hizo pasipo kuuliza swali la njia na jicho huenda akadhani kwamba ameelezwa habari za mwamba, kumbe ameelezwa habari za tundu.

Serikali ya Tanzania iliunda Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, mwaka 1969, na katika mwaka huo kampuni ya Kiitalia ya AGIP ikaingia pwani. Mwaka 1974 AGIP ilipata gesi katika kisiwa cha Songo Songo, mbele ya Kilwa, na mwaka 1982 katika Ghuba ya Mnazi, Mtwara. AGIP haikuona faida katika gesi ya Songo Songo, ikaiacha. TPDC ikaendelea kuchimba kwa fedha za serikali na mikopo, na visima vilivyopatikana vikafunikwa vikangoja. Vilingoja miaka mingi. Mwaka 2004 ndipo gesi ya Songo Songo ilipofika Ubungo, Dar es Salaam, kwa bomba la kilomita 232, ikaanza kuendesha mitambo ya umeme. Mwamba wa Songo Songo ni wa jiwe zuri la mchanga la zama za Kretasi, nao hupitisha gesi kwa ukarimu. Taabu iliyovipata baadhi ya visima vyake ilikuwa ya mabomba kuliwa na kutu, hata mwaka 2015 ikafanyika kazi kubwa ya kuvikarabati. Hiyo ni taabu ya chuma. Iko taabu nyingine, ya mwamba wenyewe, ambayo haionekani kwa jicho na ndiyo iliyofanya visima vingi duniani vihesabiwe vikavu navyo havikuwa vikavu.

Watu wengi hudhani kwamba gesi hukaa ardhini kama maji yakaavyo katika pango au pipa. Sivyo. Gesi hukaa ndani ya jiwe lenyewe, katika vinyweleo vilivyo baina ya punje za mchanga. Jiwe laweza kuwa na vinyweleo vingi na bado lisipitishe kitu kwa wepesi. Mfano wake ni dodoki na mtungi. Dodoki likitiwa majini likainuliwa, maji humwagika mara moja. Mtungi wa udongo nao una vinyweleo, na ndiyo sababu hutoka jasho na kuyapoza maji. Lakini jasho hilo ni la matone, na atakaye kunywa kwa kulingojea jasho la mtungi atakufa kwa kiu. Uwezo huo wa kupitisha huitwa upenyevu. Aliyeupima kwanza kwa hesabu alikuwa mhandisi wa Kifaransa, Henry Darcy, aliyeshughulika na maji ya mji wa Dijon. Mwaka 1856 alitangaza matokeo ya majaribio yake ya kupitisha maji katika mchanga, na kipimo cha upenyevu kikaja kuitwa kwa jina lake. Mchanga mzuri hupata darcy moja au zaidi. Miamba ambayo Wamarekani waliipa jina la miamba iliyobana ina chini ya sehemu moja ya kumi elfu ya darcy. Hiyo ndiyo mitungi. Kadiri mwamba ulivyo mkongwe na ulivyozama, ndivyo unavyozidi kubanwa na kugandishwa na madini yaliyoota baina ya punje zake. Na katika pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, miamba ya Karuu na ya Jurasi, iliyo migumu kuliko ile ya Songo Songo, haiko mbali sana na uso wa ardhi. Chokaa ya Amboni, karibu na Tanga, ni ya zama hizo za Jurasi, nayo watu huikanyaga kwa miguu.

Sasa inafaa kueleza jinsi mwamba unavyojeruhiwa. Keekee ikiwa chini inazunguka, hushushiwa tope ndani ya bomba lake, likapanda tena kwa nje. Tope hilo lina kazi tatu. Hupoza chombo, hubeba vipande vya mawe na kuvileta juu, na, iliyo kubwa kuliko zote, hukandamiza kwa uzito wake gesi iliyo katika mwamba isije ikafumuka ikaua watu na kuunguza mtambo. Kwa ajili ya kazi hiyo ya tatu tope hutiwa unga wa jiwe zito la bariti, mpaka lishinde nguvu ya gesi. Lakini kinachoshinda husukuma. Maji ya tope huingia mwambani, na chembe zake nyembamba huketi katika vinyweleo kama tope liketivyo katika jicho la kisima cha kijijini. Kama mwamba una udongo wa namna inayovimba, udongo huo hunywa maji ukavimba na kuifunga njia. Kama una chembe zilizolegea, hung'oka zikasongamana penye upenyo.

Katika mwamba wa dodoki madhara haya huponyeka kwa kiasi, maana gesi ikifunguliwa hutoka kwa kishindo ikayasukuma maji nje. Katika mwamba wa mtungi mambo ni tofauti kabisa. Vinyweleo vyake ni vyembamba mno, na maji yakiisha kuingia hushikwa kama mafuta yashikwavyo na utambi wa koroboi: hupanda na kukaa, wala hayamwagiki hata ukiupindua utambi. Gesi iliyo nyuma yake haina nguvu ya kuyasukuma. Hivyo mwamba mdhaifu ndio uumiao zaidi, na ndio usioweza kujiponya.

Mtu aweza kuuliza: tope liliingia nusu mita tu, na mwamba wenye gesi umeenea kilomita, nusu mita itadhuru nini? Jibu liko katika umbo la kisima. Gesi hutoka pande zote kwenda kwenye tundu moja, kama watu watokao uwanjani kwa mlango mmoja. Nyuma uwanjani watu hutembea kwa nafasi. Msongamano wote uko mlangoni, na mtu mmoja akisimama pale huwakwamisha mia. Hesabu yake ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1950, na van Everdingen na Hurst waliyoichapisha mwaka 1953, kisha na Hawkins mwaka 1956. Tuseme tundu lina nusu upana wa sentimita 10, na tope limeingia hadi sentimita 60 kutoka katikati, likaushusha upenyevu wa sehemu hiyo mpaka moja ya kumi, na gesi yatoka umbali wa mita 300. Ukifanya hesabu utaona kwamba kisima kitatoa theluthi moja tu ya kile ambacho kingetoa kama mwamba wake ungekuwa mzima. Kisima cha futi za ujazo milioni 15 kwa siku huwa cha milioni 5, kwa sababu ya nusu mita.

Waingereza na Wamarekani huyaita madhara haya ngozi ya kisima. Kulihamisha neno hilo kama lilivyo hakuna faida, kwa sababu ngozi kwa Mswahili ni kitu chenye uhai na chenye kuhifadhi, na mtu hafikiri kuibandua ngozi ili apone. Neno ukoko linafaa zaidi. Ukoko ni wali ulioganda chini ya chungu. Ukoko pia ni uchafu ulioganda menoni. Katika matumizi yote mawili ni kitu kigumu, chembamba, kilichotokana na kazi yenyewe, na ambacho hukwanguliwa. Na madhara ya mwamba kwa jumla yaweza kuitwa jeraha la mwamba, kwa kuwa mwamba huo ulikuwa mzima kabla ya kuingiliwa na keekee. Kisima huwa na ukoko. Mwamba huwa na jeraha. Si shauri la urembo wa maneno: fundi wa Kitanzania asipokuwa na neno la kutenga mwamba usio na gesi na mwamba uliozibwa, ataviita vyote viwili kikavu, na bunge na magazeti yatamfuata.

Dawa zake ni za zamani kuliko hesabu zake. Herman Frasch alipata hati ya ubunifu mwaka 1896 kwa kutia tindikali katika visima vya chokaa huko Ohio, ili ukoko uyeyuke. Mwaka 1947, katika uwanja wa gesi wa Hugoton, Kansas, ulijaribiwa upasuaji wa mwamba kwa shinikizo la kimiminiko: kimiminiko husukumwa chini kwa nguvu mpaka mwamba upasuke, na ufa ukapita ng'ambo ya sehemu iliyojeruhiwa. Kwa mwamba wa mtungi ndiyo dawa iliyo kuu, lakini ina gharama, na yenyewe hutia maji mwambani. Mganga aweza kuongeza ugonjwa. Njia nyingine ni kujizuia tangu mwanzo, yaani kuchimba kwa tope jepesi ambalo uzito wake ni pungufu ya nguvu ya gesi. Hapo tope haliingii, ila mchimbaji yumo hatarini wakati wote. Basi tope lile lile lilindalo roho za watu ndilo liuumizalo mwamba, na hakuna mhandisi aliyepata kuukwepa uchaguzi huu. Aweza tu kuchagua kwa hesabu au kwa kubahatisha.

Pate, katika Lamu, ni mahali palipouonyesha ugumu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kisima kirefu kilichochimbwa kisiwani humo kilikuta gesi yenye shinikizo kubwa, na kikafungwa. Mwaka 2018 kilichimbwa cha pili ili kuithibitisha ile gesi. Penye shinikizo namna hiyo tope jepesi ni kujiua, na tope zito ni kuuziba mwamba. Gesi ya Pate haikuingia sokoni.

Huko Ntorya, Mtwara, kisima cha kwanza kilipimwa mwaka 2012 kikatoa kiasi cha futi milioni 20 kwa siku. Cha pili, mwaka 2017, kilikuta mwamba wenye gesi ulio mnene zaidi, lakini kikatoa milioni 17. Pengine msomaji angetazamia kinyume chake. Unene wa mwamba ni sehemu moja tu ya habari, na ukubwa wa tundu la kipimio, upenyevu, na ukoko ni sehemu nyingine. Na kisima cha Kiliwani Kaskazini, jirani ya Songo Songo, kilichopimwa mwaka 2008 kikatoa milioni 40 kwa siku, kilianza kuuza gesi mwaka 2016. Kufika mwaka 2018 kilikuwa kimenyamaza. Kipimo cha siku chache hakikusema neno lolote juu ya miaka miwili ya baadaye.

Ndipo ifikiwapo Ruvu. Mto huu hushuka kutoka milima ya Uluguru ukaingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, na bonde lake ndilo linywesheshalo Dar es Salaam: mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini katikati ya miaka ya 1970. Kwa hiyo watu wa bonde hili wamekwisha kuzoea kuona mali ya kwao ikipita mbele ya nyumba zao ndani ya bomba. Mwaka 2007 kampuni ya Dodsal ilitia saini mkataba wa kutafuta mafuta na gesi katika kitalu cha Ruvu. Mwaka 2016 Wizara ya Nishati na Madini ilitangaza kwamba imegunduliwa gesi ya futi za ujazo trilioni 2.17 katika kisima kiitwacho Mambakofi, na jumla ya gesi ya nchi, ikichanganywa na ile ya bahari kuu iliyogunduliwa tangu mwaka 2010, ikapita trilioni 57. Jina la kisima ni jina la mti, ambao wengi huuita mbambakofi na wengine mkongo, na mbao zake ngumu zilitumiwa sana na mafundi wa milango wa pwani na visiwani.

Tangazo lilipokewa kwa furaha, na furaha ilikuwa na haki yake, maana hii ilikuwa gesi iliyo karibu na viwanda vya Dar es Salaam kuliko nyingine zote kubwa za nchi kavu. Lakini tarakimu ile ilikuwa ya gesi iliyokadiriwa kuwamo mwambani, wala si ya gesi itakayotoka. Yafaa kuifanyia hesabu ya kawaida. Kama kisima kimoja kingetoa milioni 20 kwa siku pasipo kupungua, kingehitaji miaka 297 kuzimaliza trilioni 2.17. Visima kumi vingehitaji karibu miaka 30, ambayo ni muda wa kawaida wa mradi. Visima hivyo vikiwa na ukoko wa namna iliyoelezwa hapo juu, vitoe theluthi, vitatakiwa 30 kwa kazi ile ile. Na kila kisima kirefu cha nchi kavu hugharimu mamilioni ya dola. Hapo gesi ni ile ile, mwamba ni ule ule, tarakimu ya waziri ni ile ile, lakini mradi wenye faida umegeuka kuwa mradi wa hasara. Na hiyo ni hesabu ya huruma, kwa kuwa gesi yote haitoki kamwe, na nguvu yake hushuka kadiri inavyotolewa.

Miaka kadhaa baada ya tangazo gesi ya Ruvu ilikuwa haijaingia bombani. Si haki kusema kwamba sababu yake ni jeraha la mwamba. Ziko sababu za fedha, za mikataba, na za bei, na kila moja yatosha kuuchelewesha mradi. Lakini swali lenyewe halikuulizwa hadharani. Huko Mtwara, katika miezi ya Januari na Mei mwaka 2013, watu waliandamana na wengine wakapoteza maisha kwa ajili ya swali la gesi itakwenda wapi. Swali la gesi itatokaje halikuwa na mahali katika mabango, wala katika majibu ya serikali, na pengine ndilo lililokuwa la kwanza kwa mpangilio wa mambo.

Kiswahili, kwa upande wake, hakikuwa na upungufu. Magazeti yalisema "Ruvu kuna gesi", na maneno hayo yalikuwa kweli. Kuwako ni kwa mwamba. Kutoa ni kwa kisima, na mtu wa Kaole akiulizwa habari ya kisima chake hasemi kwamba kuna maji chini. Husema kinatoa, au kimeziba, na kama kimeziba hutaja na siku ya kukifukua.